Dume la Kulinganishia

Kwenye nyumba ya panya alijulikana kwa jina moja tu, Mshenga, na jina lilimkaa vizuri kuliko koti lake la maabara. Kazi yake ilikuwa kuozesha. Jioni kabla ya kufunga aliingia chumba cha ndani, kofia ya karatasi kichwani na glavu mikononi, akachukua dume mmoja akamtia kwenye kizimba chenye majike wawili, akafunga kifuniko akaondoka zake. Asubuhi alirudi kuwakagua majike mmoja mmoja, akiwainua mkia kwa vidole viwili. Jike aliyepandwa huachiwa na dume kizibo cheupe kigumu, mfano wa tone la nta, nacho hakidumu. Ukichelewa kitaanguka kwenye maranda, na ushahidi umekwenda. Kwa hiyo Mshenga alikuwa mtu wa kuwahi kazini. Alikuwa na shahada mbili na ya tatu anaifukuzia, lakini mwenyewe alipenda kusema kwamba elimu yake yote imeishia chini ya mkia wa panya.

Madume wale hawakuwa panya wa darini. Mwenye maabara, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa wembe aliyeitwa Profesa hata na mumewe, alikuwa ametengeneza ukoo wa panya waliozimwa jeni moja, moja tu kati ya maelfu, ili aone mwili utapungukiwa na nini. Ndivyo kazi hiyo inavyokwenda: ukitaka kujua msumari fulani umeshika nini, ung'oe, kisha ungoje kitakachoanguka. Kwa majike hakikuanguka kitu. Madume nao walikuwa wazima, wanakula, wanapigana, wanapanda majike kwa bidii, na vizibo vilikutwa kila asubuhi. Ila watoto hawakuzaliwa. Chini ya hadubini sababu ikaonekana. Mbegu ya dume mzima ina kichwa chenye ncha, na juu ya kichwa imevaa kofia iliyobeba dawa ya kutobolea yai. Mbegu za hawa zilikuwa na vichwa vya mviringo visivyo na kofia yoyote, na hata zikilifikia yai hubaki nje zikihangaika mpaka zife.

"Bwana harusi wa bure," Mshenga alikuwa akimwambia kila mmoja wao siku ya kumtoa kizimbani. Dume aliyethibitika hazai alibakiwa na safari moja, ya sanduku la gesi na kutoka hapo meza ya kupasulia. Wenzake maabarani waliifanya kazi hiyo kimya, wengine wakigeuza uso kidogo. Mshenga aliifanya akipiga mluzi, na aliyegeuza uso alimcheka. Si kwamba aliwatesa panya. Kwa panya alifanya kilichotakiwa na hakuongeza. Ukatili wake wa ziada alikuwa akiubeba nyumbani.

Nyumbani alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, fundi wa majokofu, aliyeitwa Fundi na kila mtu. Fundi alikuwa mtu mpole, mikono mikubwa, maneno machache. Alikuwa ameoa miaka mingi na hana mtoto, na lawama zote zilimwangukia mkewe, mwanamke msusi aliyekuwa na saluni yake ndogo kando ya barabara. Upande wa ukweni walimwita tasa na hawakung'ata maneno. Siku za mapumziko ukoo mzima ulikula kwa mama yao, Bi Mkubwa, na hapo ndipo Mshenga alipong'aa. Alikuwa akimsukuma binti yake wa pekee, Kipusa, mpaka magotini kwa Fundi na kusema mbele ya watu, "Mkumbatie mkumbatie huyu baba yako mdogo, huenda uzazi unaambukiza." Watu walicheka. Fundi naye alicheka, maana afanyeje, na msusi aliinuka kwenda kuosha vyombo ambavyo havijachafuka. Wahenga walisema mcheka kilema hafi bila kumfika, lakini wahenga hawakuwa na shahada mbili.

Niseme na lake jema, asije akaonekana hana moyo. Kama kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mshenga hakukifanyia mzaha duniani, kilikuwa huyo Kipusa. Mtoto alikuwa na mapengo mawili mbele na maswali yasiyoisha. Baba yake ndiye aliyemfunga kamba za viatu kila asubuhi, ndiye aliyemfundisha baiskeli akikimbia nyuma yake huku ameshika kiti, na mtoto akikohoa usingizi wa baba ulikuwa umekwisha. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akimwambia atamharibu. Yeye alijibu kwamba wengine hata wa kumharibu hawana.

Ikafika siku Profesa akasema panya wamesema yote waliyokuwa nayo, sasa zamu ya watu. Alitaka mwanamume ambaye hazai na hajulikani kwa nini, atazame kama jeni ileile imemkatikia. Mshenga hakuwaza mara mbili. Alimfuata Fundi karakanani kwake, akamkuta kachuchumaa nyuma ya jokofu lililovunjwavunjwa, akamshawishi kwa maneno matamu ambayo hakuwahi kumpa kabla. Alimwambia sayansi imesonga mbele, huenda ni kitu kidogo, huenda hospitali itamsaidia. Fundi alifuta mikono kwenye tambara kwa muda mrefu. Mwisho akauliza jambo moja tu, kama mkewe anaweza kujua majibu wakati uleule yeye anapojua, maana ameumia sana. Mshenga akamwahidi.

Sampuli ya Fundi iliwekwa chini ya hadubini ikiwa bado ya moto. Vichwa vyote vilikuwa vya mviringo, upara mtupu, kama vya panya wale. Mshenga aliona, na mimi sitamsitiri hapa: alifurahi. Alifurahi kwa ajili ya shahada yake, na chini ya furaha hiyo kulikuwa na nyingine ndogo, chafu, ya kaka mtu aliyehakikishiwa kwa kioo na mwanga kwamba yeye ndiye dume wa nyumba ile.

"Sasa nahitaji wa kulinganishia," Profesa alisema. Kwenye nyumba ya panya sheria ilijulikana: dume mgonjwa hulinganishwa na ndugu yake wa tumbo moja aliye mzima, kwa sababu hao wawili wamepishana jambo moja tu na mengine yote ni yaleyale. Mshenga alijigonga kifua. Yuko hapa, alisema, baba yuleyule, mama yuleyule, na uthibitisho upo nyumbani darasa la tatu, una mapengo mawili. Maabara nzima ikacheka. Profesa alikubali, ila akaweka masharti yake mawili ya siku zote. La kwanza, anayeandaa vioo si anayevisoma, na anayesoma hajui kipi ni cha nani. La pili, hakuna mtu kumpa Fundi majibu mpaka vioo vyote viwili vimesomwa pamoja, na hapo majibu yatatolewa na daktari wa hospitali ambaye atamwonyesha pia njia ya kusaidiwa.

Rangi ya kupakia, ile inayoifanya kofia ya mbegu ing'ae kijani, ilikuwa imekwisha na iliagizwa kutoka mbali. Mshenga aliikausha sampuli yake juu ya kioo, akaihifadhi kwenye friza pamoja na ya mdogo wake, akasahau. Angeweza kuichungulia siku hiyohiyo, dakika moja tu. Hakuona haja. Nani hujikagua meno wakati anatafuna mfupa?

Kabla rangi haijafika, Fundi alimpigia simu kila mtu. Sauti yake ilikuwa imepanda juu kama ya kijana. Mkewe ni mjamzito, hospitali imethibitisha, waje wote kwa Bi Mkubwa wale pamoja. Akamtaja kaka yake kwa namna ya pekee: aje na Kipusa, aje amwone anayekuja kumnyang'anya magoti ya baba mdogo.

Mshenga alikwenda akiwa na majibu tumboni, na njia nzima alijiambia hatasema. Alipofika alimkuta Fundi amenyoa ndevu, amevaa shati jipya, anamtilia mkewe maji kwenye glasi mbele ya wazee bila haya. Msusi alikuwa amekaa mahali pa katikati ambapo hajawahi kukalishwa. Bi Mkubwa alimpakulia kwa mkono wake mwenyewe. Halafu Fundi, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumrudishia kaka yake neno, alimgeukia akacheka akamwambia, "Kaka, umeona? Hao panya wako waambie wanipishe."

Watu wakacheka, kicheko kilekile, ila safari hii kilikuwa kimegeukia upande wa pili. Mshenga hakukizoea upande huo. Nafikiri ni hicho tu kilichomponza, kicheko cha mara moja. Aliweka kijiko chini.

"Mimba hiyo si yako," alisema.

Alisema kwa sauti ya upole, sauti ya daktari, na akaendelea kwa upole uleule. Akaeleza vichwa vya mviringo, akaeleza kofia, akaeleza panya wanaopanda usiku kucha wasiache kitu. Alisema anasikitika, ila ukweli hauna shemeji. Kipusa alikuwa amepelekwa uani kucheza, hilo angalau lilikuwa limefanyika. Mkewe, mwalimu, alimshika mkono chini ya meza, akaubana, akasema, "Baba Kipusa, nyamaza." Alirudia mara ya pili, nusu kwa kuomba. Mshenga aliutoa mkono wake. Alidhani ni wanawake wanafichiana.

Bi Mkubwa ndiye aliyejaribu kuizuia nyumba isianguke. "Kitanda hakizai haramu," alisema, na aliisema kama hukumu. "Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa. Tumemaliza."

"Hayo yalisemwa na watu waliokuwa hawana hadubini, mama," Mshenga akamjibu.

Fundi hakupiga kelele. Alimtazama mkewe akingoja akanushe, na mkewe hakukanusha. Alijifunga mtandio, akachukua mkoba wake uliokuwa umening'inia kwenye kiti, na akiwa amesimama akawaangalia wote mmoja mmoja.

"Miaka yote mliniita tasa, na hakuna hata mmoja aliyesema twende tukampime mwanamume," alisema. "Leo nina mimba, mnaniita malaya. Basi niambieni, nilitakiwa niwe nini humu ndani?"

Alitoka, na Fundi akabaki anaitazama glasi ya maji aliyomtilia. Kesho yake nguo za msusi zilipelekwa kwa dada yake ndani ya masanduku mawili. Mshenga mwenyewe ndiye aliyeazima gari.

Rangi ilifika. Mshenga alivipaka vioo viwili, akavibandika herufi bila majina, akampelekea Profesa kwenye hadubini kubwa yenye viti viwili, ambayo watu wawili huweza kutazama jambo moja kwa wakati mmoja. Profesa alisoma cha kwanza. Akasoma cha pili. Akarudi cha kwanza.

"Umeniwekea mtu mmoja mara mbili," alisema. "Yote haya ni ya mgonjwa. Sioni kijani popote."

Mshenga alisema haiwezekani, labda rangi imeharibika njiani. Profesa alichukua kioo cha panya mzima kilichopakwa rangi ileile, na kofia zikawaka kijani kioo kizima. Rangi ilikuwa njema. Basi amechanganya, akasema Mshenga, amepaka vioo viwili vyote vya Fundi, na alijitukana kwa sauti ili asikike. Aliandaa upya, safari hii kwa sampuli mpya aliyoitoa mwenyewe asubuhi ileile, na hakungoja kusomewa. Alikaa kwenye kiti akainamia hadubini. Ziliogelea mbele yake kwa wingi, zina mikia mizuri, zina haraka, na vichwa vya mviringo kabisa. Alizitazama mpaka macho yakatoka machozi, na sitasema kwamba machozi yale yalikuwa ya mwanga tu.

Akaomba apimwe damu, akitumaini damu itamtetea. Kila mtu ana nakala mbili za jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na wazazi wenyewe huweza kubeba kila mmoja nakala moja mbovu wasijue mpaka kufa. Nakala zake Mshenga zote mbili zilikuwa zimekatika, palepale zilipokatika za Fundi. Bi Mkubwa na marehemu mumewe walikuwa wamewagawia wana wao sawasawa.

Profesa alimwita ofisini akafunga mlango. Hakuwa mtu wa kupapasa.

"Panya wa kulinganishia tunamkata ncha ya sikio kwanza, tunampima jeni, ndipo tunamwita wa kulinganishia," alisema. "Wewe ulijipima?"

"Nina mtoto, Profesa."

"Panya nikisema huyu ana watoto, nasema kwa sababu kizimba kina dume mmoja, na ufunguo wa chumba ninao mimi." Alimtazama juu ya miwani. "Kwako ufunguo anao nani?"

Mshenga aliyekuwa akiwafungia wanyama wawili watatu kwenye boksi la plastiki na kuhesabu vizibo alikuwa ameichukulia nyumba yake kuwa boksi. Ni kosa la watu wa kazi ile tu. Muuza duka asingelifanya. Profesa akamuuliza kama ameshamwambia mdogo wake, na alipoona uso wake akajua. Akamkumbusha kwamba alimkataza. Akamwambia sasa ana mawili ya kumwambia, moja kwamba wao wawili ni sawa, na kwamba lile la pili, la hospitali kumsaidia kupata mtoto, lilikuwa la kweli tangu mwanzo na lingekwenda pamoja na majibu ya Fundi kama angetulia.

"Na utafute dume lingine la kulinganishia," aliongeza, akirudia karatasi zake. "Kazi isisimame."

Alirudi nyumbani mchana, saa ambayo hajawahi kurudi. Mkewe alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya darasa lake. Mshenga alisimama mlangoni na koti begani, na hakupata njia ya kuzunguka.

"Kipusa ni wa nani?"

Mwalimu alifunika kalamu yake. Hakushtuka. "Wako. Kuna mwingine anayemfunga viatu?"

"Nimepima."

"Ulipoanza hiyo kazi ya panya nilijua utapima. Nimekungoja." Alisogeza madaftari kando. "Unakumbuka mama yako alipokwambia kama shamba halioti, badilisha shamba? Alikupa mwaka. Mlikuwa barazani, mimi nipo jikoni, na nilikusikia ukimjibu. Ulisema sawa, mama. Hukusema hata nifikirie."

Mshenga alikumbuka. Alikuwa amelisahau kabisa, na sasa alilikumbuka na kiti alichokuwa amekalia.

"Basi na mimi nikafikiria," mkewe aliendelea. "Nikaenda kwa mtu, na huyo mtu aliondoka mji huu hata hajui. Shamba likaota. Ukanipenda, ukaninunulia cherehani, mama yako akaanza kuniita mwanangu. Sikuombi radhi. Siku ile kwa Bi Mkubwa nilipokwambia nyamaza, ulidhani namtetea shemeji. Nilikuwa nakutetea wewe." Alifungua kalamu tena. "Kama unanifukuza, nifukuze. Masanduku unajua yalipo, na gari unajua pa kuazima. Ila Kipusa utamweleza mwenyewe, kwa mdomo wako, hayo ya vichwa vya mviringo."

Hakumfukuza. Kipusa alirudi kutoka shule akamtupia mkoba, akamwonyesha kwamba jino jipya limechungulia kwenye pengo. Mshenga alimshika kidevu akalitazama. Akatazama na pua, na masikio, na vidole, vitu ambavyo siku zote alikuwa akiwaambia watu kwamba ni vyake. Mtoto akamuuliza kwa nini anamtazama kama hamjui. Alimjibu kwamba anakua haraka, basi. Aliumia kuliko alivyowahi kuumia, na hakupungukiwa hata chembe ya kumpenda, na hilo ndilo lililomtia hofu. Kwa sababu sasa alikuwa na kitu ambacho mtu yeyote mwenye ulimi angeweza kumnyang'anya mezani, mbele ya watu, kati ya tonge na tonge.

Fundi alikuja mwisho wa wiki. Alikuwa amekonda na shati halijapigwa pasi. Alikaa ukingoni mwa kochi, Kipusa akamkimbilia akampanda magotini bila kusukumwa na mtu. Mwalimu aliwaletea chai, kisha akabaki amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Kaka, nyumba haikaliki," Fundi alianza. Alizungumza polepole, akiziba masikio ya Kipusa kwa viganja vyake vikubwa kila anapofika mahali pazito, na mtoto akacheka akidhani ni mchezo. Alisema amezungumza na mkewe. Mkewe amemwambia ukweli wote, kwamba alichoka kutukanwa akaenda kwa mtu mara chache, na sasa hana habari naye. Amesema akitakiwa atarudi, na mtoto watamlea wao. "Moyo wangu unataka, sikufichi. Kulea nitalea. Ninaogopa watu. Nimekuja kwako kwa sababu wewe ndiye uliyesema pale mezani. Ukisema nimrudishe namrudisha leo, na atakayecheka nitamwambia kaka ndiye kanishauri. Nani atacheka tena?"

Mshenga alikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa neno moja, mrudishe, na lilikuwa la bure.

"Halafu nilitaka kuuliza," Fundi akaongeza. "Vile vipimo havikosei? Ulisema utajilinganisha na mimi. Chako kilionyeshaje?"

Mshenga aliona jinsi itakavyokwenda. Akisema mrudishe, watu watauliza tangu lini yule mwenye mdomo amekuwa na huruma, na kwa nini. Atakayeuliza kwa nini ataanza kufikiri, na atakayefikiri atamtazama Kipusa. Mtu ambaye hana wasiwasi na nyumba yake hasamehe hivihivi. Ndivyo alivyojieleza, na kwa mtu mwoga hesabu hiyo haina kosa.

"Changu kilikuwa safi," alisema. "Vipimo havikosei."

"Basi wewe ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

"Ningemwacha."

Fundi alitikisa kichwa taratibu, kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Hakubishana. Alitoa simu hapohapo, akasema heri alimalize akiwa bado ana nguvu, akamwambia Kipusa ashuke kidogo. Mkewe alipopokea, Fundi alimwambia kwamba amezungumza na kaka, na kwamba asirudi. Akasikiliza. Kisha akamnyooshea Mshenga simu. "Anataka akusikie wewe."

Mshenga aliipokea. Nyuma ya sauti ya shemeji yake kulikuwa na mashine ya kukaushia nywele na wateja wanaozungumza.

"Shemeji, mdogo wangu ameamua," alisema. "Mtoto ni wa baba yake. Mtafute baba yake umpelekee."

Mashine ya kukaushia ilizimwa. Wateja walikuwa bado wanazungumza.

"Nimekusikia, shemeji," msusi alisema. Hakupandisha sauti. "Na wewe wako mlee vizuri. Mtoto hana kosa. Msalimie, mwambie mama mdogo anamkumbuka."

Hapo Mshenga alijua kwamba msusi anajua, na kwamba alijua siku zote, hata siku ile ya masanduku mawili. Aliinua macho kwa mkewe na mkewe hakuyakwepa. Wanawake wale wawili walikuwa wakisukana tangu wote wawili wakiwa maharusi, mmoja amekaa kati ya magoti ya mwenzake kwa saa nzima, na hawakuwahi kufichana kitu. Msusi alikuwa na neno la kumwangusha tangu pale mezani kwa Bi Mkubwa, akalimeza akaondoka nalo kwa ajili ya mtoto. Na leo amelimeza tena. Simu ilikuwa imekatwa.

"Amesemaje?" Fundi aliuliza.

"Amekubali."

Fundi alijifuta uso kwa kiganja. Akamnyanyua Kipusa juu, akamgeuza huku na huku kama anayekagua kitu cha thamani, akambusu kwenye paji la uso. "Mimi ndiyo basi," alisema. "Afadhali damu ya baba haikupotea kabisa. Ipo hapa."

"Ipo," akasema Mshenga.

Akamsindikiza mdogo wake mpaka barabarani, wakaagana. Salamu alizopewa hakuzifikisha.